Rupia Inayovuta Sindano Inataka Kumeza Kiwanja Chetu cha Soga

Admin, nifichie jina, maana marafiki wa mume wangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Kibaha kwenye nyumba ya kupanga, nina ndoa na watoto watatu. Naandika huku maharage yako jikoni. Nimechoka jamani, hata nguvu ya kugombana sina tena.

Mume wangu, nimwite Baba Zai, ananunua vyuma chakavu. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, kaifunga kamba, anaivaa shingoni. Ukimletea mzigo anaugusisha. Ukinasa ni chuma, bei ya chini. Usiponasa huenda ni shaba, hapo utamwona anatabasamu. Kazi hiyo imesomesha watoto na kutupatia kiwanja Soga, si mbali na stesheni ya treni mpya. Msingi tumeshajenga, na karatasi ina majina yetu wote wawili.

Basi akaja dalali mmoja kutoka Kisarawe na rupia ya Mjerumani, ile sarafu ya zamani za ukoloni. Wa huku mnazijua hizi habari, kwamba rupia ya kweli inavuta sindano, na kuna tajiri mahali fulani anaitafuta kwa mamilioni. Akaomba sindano ya kushonea, nikampa mwenyewe kwa mkono wangu. Aliposogeza ile rupia, sindano ikaruka ikaganda. Baba Zai akavua kofia. Tangu siku hiyo wimbo ni mmoja tu, tuuze kiwanja tuinunue.

Sasa mimi rupia ninayo. Bibi yangu wa Marui alinipa nilipoolewa, ilikuwa kwenye mahari ya mama yake. Imelika mpaka sura ya yule mzungu mwenye kofia imebaki kivuli, lakini ukiidondosha sakafuni inalia vizuri, sauti inakwenda. Nikaitoa, nikamwambia dalali azilinganishe. Akaisogezea sindano, wala haikutikisika. Akasema bibi yangu alipigwa, kapewa bandia, akacheka. Mume wangu naye akacheka. Kile kicheko kinanichoma mpaka leo.

Nikaipeleka kwa sonara. Akaipima, akaniambia hii yako ni fedha halisi, na fedha haivuti sindano hata siku moja, inayovuta wameipachika sumaku ndani. Nikarudi mbio kumweleza Baba Zai. Akasema sonara ananizunguka, anataka nimwachie kwa bei ya kutupa.

Juzijuzi dalali alirudi na rupia yake tuikague mara ya mwisho. Alipotoka nje kupokea simu, nikamvua mume wangu sumaku yake shingoni, nikaigusisha kwenye rupia ya bibi. Haikunasa. Nikaigusisha kwenye ile ya dalali, ikanasa hapohapo, nikapata kazi kuibandua. Nikamuuliza, "Baba Zai, mzigo ukinasa hivi pale kwenye mzani wako, huwa unasemaje?"

Dalali aliporudi ndani, Baba Zai akamwambia aje Jumatatu. Tulipobaki wawili akakaa kwenye kigoda, akaniambia polepole, "Najua, Mama Zai. Nimepima vyuma maisha yangu yote. Niachie hiki kimoja nikiamini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, sikujiandaa kwa hilo. Nililia, yeye hakulia. Aliitundika sumaku kwenye msumari nyuma ya mlango, na tangu hapo hajaenda kazini. Wateja wanaleta mizigo, wanakuta kimya, wanaondoka. Anaamka, anakunywa chai, anarudi kulala. Ukimwuliza anaumwa nini anasema haumwi.

Jumatatu mnunuzi wa kiwanja, ambaye Baba Zai keshampata, anakuja kwa mwenyekiti wa kijiji na dalali atakuwepo. Bila saini yangu hakiuziki. Mume wangu hajanitishia talaka wala hajanipigia kelele, afadhali angenipigia, ningejua pa kuanzia. Ananiangalia tu. Nikisaini, wanangu wamekosa pa kukaa na mimi nimelipia chuma kwa macho yangu. Nisiposaini, naogopa huyu mtu hatanyanyuka tena pale kitandani.

Mtu asiyejua kwamba anatapeliwa unamweleza akaelewa. Wangu anajua kuliko mimi, na bado anaitaka. Mwenye busara aniambie, Jumatatu niende na kalamu au nibaki nyumbani?