Uzi wa Sweta Kwenye Mlango wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini Foromani alinipa ufagio. Nilikuwa nimekuja na mkasi wangu, sindano za turubai, na barua ya mama mmoja wa kanisani iliyosema najua kushona. Barua hakuifungua. Alinionyesha sakafu iliyojaa oili akasema, "Anzia pale." Nikafagia. Nilipomaliza nikaketi mbele ya kiti cha lori kilichopasuka nikakishona bila kuagizwa, maana niliona hakuna mwenye mpango wa kuniagiza. Hiyo ilikuwa gereji moja ya Nakuru, upande wa reli, miaka michache baada ya Uhuru. Shule nilikuwa nimeishia darasa la tatu.

Naandika haya kwa sababu wajukuu wangu na rafiki zao wanabandika spoila, yale mabawa ya nyuma, kwenye magari yao, na nimechoka kuwaeleza kwa mdomo. Labda kwa karatasi watasikia. Sina hakika.

Mwenye Gereji alikuwa Singasinga mzee mwenye kilemba cheupe. Hakupenda maneno mengi. Nilishona viti na turubai zake karibu miaka minane. Halafu siku moja akasimama nyuma yangu akanitazama ninavyotandika kitambaa bila kuacha kunjo, akaniambia, "Mama Njeri, kesho nenda kwa faiba."

Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo. Unakilaza juu ya moldi, yaani umbo la mbao ulilolichonga kwanza, unakipaka dawa yake, na kikikauka kinakuwa kigumu kama bati. Kinawasha ngozi kama upupu, na harufu yake inakufuata mpaka kitandani. Vijana wawili waliokuwa huko kabla yangu walikuwa wameikimbia kazi. Foromani, aliyekuwa mkubwa wa bodi zote, alisema nitamaliza wiki mbili. Nilimaliza miaka kumi na tisa.

Miaka hiyo ya sabini ndipo vigari vyenye mlango wa nyuma vilipoanza kuonekana, vile ambavyo mlango unainuka pamoja na kioo na ndani hakuna ukuta wa buti la mizigo. Na kwa vile magari ya mashindano yalikuwa yakipita mjini yakiwa na mabawa na matope, kila mwenye kigari akataka bawa. Spoila zilitoka Nairobi ndani ya maboksi. Kazi ya spoila ni kuuelekeza upepo unaopita juu ya gari, basi. Lakini Foromani alizifunga kwa boliti, zikabana ukingo wa paa kama rafu ya vikombe. Nilimuuliza upepo utapitia wapi. Akanijibu kwamba upepo una njia zake na mimi nina viti vyangu.

Ndipo akaja Sista. Alikuwa mkunga wa zahanati moja huko Dundori, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Kigari chake ndicho kilichokuwa kikiwateremsha kina mama hospitali ya Nakuru uchungu ukizidi. Alikuwa amelaza kiti cha nyuma akatandika godoro. Shida ilikuwa moshi. Gari likishika mwendo, moshi wa ekzosi na vumbi viliingia ndani kwa mlango wa nyuma. Ukifungua dirisha vinazidi, ukifunga mnakosa hewa.

Foromani alikagua ekzosi, haikuwa na tundu. Akabadilisha raba za mlango, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Raba nzuri gari likiwa limesimama, lakini barabara ile inatikisa mpaka meno, na mlango ukicheza kidogo tu moshi unapata njia. Akarefusha ekzosi shibiri moja. Mwisho akamfungia Sista rafu yake ya vikombe, akasema sasa upepo umenyooka.

Baada ya wiki Sista alirudi. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na mkoba wake akamwambia Foromani, "Huyu ni mama wa tatu kuzimia mikononi mwangu. Mtoto alitoka amelegea, nikafikiri tumempoteza. Nikirudi hapa tena nitakuwa nimekuja kuliuza gari, na kina mama warudi kungoja lori la maziwa." Lori la maziwa lilipita Dundori mara moja kwa siku, asubuhi. Mtoto hangoji asubuhi.

Mimi nilikuwa kwa faiba yangu nasikia. Kila mwanamke aliyepika kwa mafiga matatu anajua jambo hili. Ukikaa mbele ya moto upepo ukiwa mgongoni, unadhani moshi utakwenda mbele ukuache. Hauendi. Unakurudia usoni, maana mgongo wako umeukinga upepo na mbele yako pamebaki shimo, na moshi unakimbilia shimo. Kigari cha Sista kilikuwa mtu aliyekaa hivyo. Kilipasua upepo kwa mbele, kikaacha shimo nyuma ya mlango, na ekzosi iko hapo chini inapika.

Nikamwambia Foromani hivyo. Akaniuliza tangu lini gari likawa jikoni.

Sikubishana. Nilitoa mkebe wangu wa sindano, nikakata uzi mwekundu wa sweta vipande vya urefu wa kidole, nikavibandika kwa selotepu kwenye paa, ubavuni na mlango wote wa nyuma. Sista akaendesha njia ya Dundori, mimi na Foromani tukafuata na pikapu ya gereji. Nyuzi za paa na za ubavu zililala zikielekea nyuma, kama nywele zilizochanwa. Za mlangoni zilikuwa zimepanda juu. Zote. Zimejilaza kwenye kioo zikitoka chini kuja juu, kama mtu anazivuta, na vumbi linapanda nazo.

"Huo uzi umekwama," Foromani akasema.

"Nyuzi kumi na mbili zimekwama pamoja?"

Akawasha sigara.

Mwenye Gereji aliposikia alituita wote wawili. Foromani akaapa kwamba rafu yake ni sawa, ni kina mama tu wenye matumbo mepesi. Hapo nikasema maneno ambayo mfanyakazi hasemi. Nikasema basi yeye ndiye alale kwenye godoro, kwanza na rafu yake, kisha na ile nitakayotengeneza mimi. Foromani akasema na ikishindwa, nirudi kwa ufagio. Mzee alitutazama kwa zamu.

"Ni haki," akasema. "Foromani, utalala."

Nilichonga moldi ya mti wa mkaratusi, nikalaza faiba tabaka nne. Umbo lake lilikuwa kama kiganja kilichokunjwa kidogo, kinaelekea chini. Kitu kikubwa ni hiki, na wajukuu zangu wasome mara mbili: haikushika paa. Niliisimamisha juu ya miguu midogo ya chuma, nikaacha nafasi ya vidole vitatu katikati. Upepo wa paa uingie pale, ukamatwe, umwagwe chini kwenye kioo ulijaze lile shimo kabla moshi haujafika. Mbele, chini ya bampa, nikafunga aproni ya faiba, upepo usiingie mwingi tumboni mwa gari ukatimua vumbi. Petroli iliongezeka kidogo, sikatai. Hakuna kitu cha bure kwa upepo.

Safari ya kwanza Foromani alilala na rafu yake. Hatukufika nusu ya mlima. Nikiwa kwenye pikapu nyuma yao nilimwona akipiga kioo kwa kiganja, Sista akasimama, na yule mwanamume akatapika kando ya shamba la viazi mbele ya wanawake waliokuwa wakipalilia. Mmoja akamuuliza ni mimba ya miezi mingapi. Sikucheka. Nilimpa maji.

Siku ya pili tulifunga yangu. Nikaziweka nyuzi tena, na pikapu ya nyuma nikaiendesha mimi mwenyewe. Zile za mlangoni zilicheza kidogo, kisha zikashuka. Zikaelekea chini. Nikasubiri kiganja kwenye kioo. Kona ya kwanza, hakuna. Mlima wote, hakuna. Kufika Dundori Sista akateremka, nami nikateremka, na ndani ya gari hakuna aliyesogea. Foromani alikuwa amelala chali, mdomo wazi.

Nikaona nimemuua mtu kwa ubishi wangu, mtu mwenye watoto watano. Sista akavuta mlango kwa nguvu, akamshika shingo kutafuta mapigo.

Foromani akafungua jicho moja. "Mnanivuta ya nini? Nilikuwa nimepata usingizi."

Sista hakuliuza gari. Aliliendesha njia ile mpaka bodi ikaoza, na bawa langu alilihamishia kwenye lililofuata. Mwenye Gereji alisema, "Kazi nzuri," akiwa ametazama katikati yetu, kila mtu achukue mwenyewe. Foromani alichukua. Wateja waliambiwa ni kazi yake kwa miaka.

Kwamba nilikuwa sawa hakuwahi kutamka, na nilikuwa nimeacha kungoja. Lakini kila kigari cha mlango wa nyuma kilipoingia gereji, alikuja kwenye kona yangu kimya, akafungua mkebe, akachukua uzi mwekundu, akaenda zake. Siku alipostaafu nilikuta juu ya benchi langu mpira mzima wa uzi wa sweta, mwekundu, mpya, haujafunguliwa karatasi. Yeye alikuwa ameshaondoka.

Mimi nilistaafu baadaye, nikiwa na kifua kilichochoshwa na faiba. Juzi mjukuu wangu alinionyesha bawa jipya la gari lake, limebana paa kama gamba. Nilimuuliza upepo unapitia wapi. Akasema, "Cucu, ni ya urembo."

Mpira ule bado ninao, umebaki nusu. Urembo mtafanya mkipenda. Lakini kama kuna mtu atalala kiti cha nyuma, njoo kwanza uchukue uzi.