Kopo la Funguo la Shangazi

Kila asubuhi shangazi yangu, fundi wa funguo, humwaga kopo la funguo kuukuu mezani na kuzipangusa moja moja huku akisoma namba zake kwa sauti.

Juzi nilimsindikiza chuoni, kopo lake mkononi, kwenye chumba cha kompyuta za zamani, zile kubwa kama kabati la nguo. Mlango wa moja ulikuwa umefungwa, ufunguo umepotea, na msimamizi alikwisha kumwita fundi wa kuchomelea na grenda yake.

"Mama, unatuchelewesha," msimamizi akasema. "Tunakata mlango."

"Kata, baba, halafu ukanitafutie mlango mwingine wa miaka hamsini."

Mwenye grenda akacheka. "Bibi, hilo kopo umerithi?"

"Nimerithi. Wewe umerithi kelele."

Shangazi akasimama kati yao na mlango, akamulika kitasa kwa tochi, akasoma namba iliyochongwa usoni. Kompyuta zote za aina ile zilitumia ufunguo wa namba hiyo moja. Akapekua kopo, akatoa mmoja. Ukazunguka bila ubishi.

Njiani nikamuuliza, "Shangazi, na ule ufunguo ungekataa?"

"Ningekaa palepale mlangoni mpaka nichonge mwingine."