Kombe Niliowachemsha Wakiwa Wamekufa

Kombe, wale wa baharini wenye maganda, waliotulaza hospitali mimi na bibi yangu niliwapika mwenyewe, nikijua kwamba baadhi yao walikufa kabla hawajaingia sufuriani.

Kabla ya hapo tulikuwa wazima. Nauza vitenge Mbalizi, naishi Iyunga na bibi, mama yake baba. Alizaliwa Tanga, akamfuata babu huku bara kwenye baridi akiwa bado msichana. Kila akiugua mafua, alichotamani ni mchuzi wa kombe. Binamu yangu alipokwenda pwani akatutumia kwa basi ndoo ya kombe hai, wamefunikwa gunia bichi.

Walifika Ijumaa asubuhi. Bibi alikuwa Iringa kwa shangazi, angerudi kesho yake. Nikawajazia maji ya bomba, yale yetu ya baridi, nikaona ni kama nimewaweka kwenye friji. Mtu aliyekulia pwani asingefanya hivyo. Kombe ni wa maji ya chumvi, ya bomba yanamuua.

Jirani yetu Mama Neema alichungulia ndoo. "Dada, na mawe siku hizi unaloweka kama maharage?" Tulicheka.

Jumamosi mchana maganda mengi yalikuwa wazi. Bibi alishanifundisha: ganda lililo wazi ligonge, lisipojifunga litupe. Niligonga matano. Hakuna lililojifunga. Ningetupa yote ya namna hiyo, wangebaki wa kujaza kikombe, na bibi alikuwa njiani. Nikachemsha wote. Kombe akichemka ganda hufunguka, kwa hiyo wazima na wafu wakawa sawa. Nikatia tui, ndimu na pilipili nyingi.

Bibi alikaa kula hata baibui hajavua.

"Uliwagonga, mjukuu wangu?"

"Niliwagonga, bibi."

Sikumwambia nilichokiona.

Jumapili alfajiri tumbo lilianza kunikata. Nikaharisha maji matupu, nikatapika mpaka nyongo, misuli ya miguu ikakaza. Bibi alijichafulia kitandani akanyamaza kwa aibu. Nilimkuta midomo imekauka, macho yameingia ndani. Mama Neema ndiye aliyetafuta bajaji.

Hospitalini daktari aliibana ngozi ya mkono wa bibi. Ikabaki imesimama, kwa kuishiwa maji mwilini.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Sikujua. Alipouliza tulikula nini, nilimweleza yote.

Siku ya nne, baada ya dripu nyingi, nilikunywa uji ukakaa tumboni. Nikaenda kitandani kwa bibi kumwomba radhi.

"Yule wa kwanza tu, nilipomtia mdomoni, nilijua ameharibika," akasema. "Lakini ulikuwa umesimama unaniangalia usoni. Ningetemaje?"

Maneno hayo nayasikia kila ninapowasha jiko.

Namshukuru Mungu aliyeniinua, wauguzi, na Mama Neema aliyetufulia mashuka bila kukunja uso. Nawe ukiletewa kombe huku kwetu, usiwatie kwenye maji ya bomba. Wafunike kitambaa kibichi, waweke penye baridi, wapike siku hiyohiyo. Asiyejifunga mtupe, hata kama mgeni atakula wali mkavu. Na mzee akiharisha, msimamie umwone anakojoa. Asipokojoa, mkimbize hospitali.

Mimi nimerudi dukani. Figo za bibi zimelala, kwa kuishiwa maji siku ile. Anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Juzi alikojoa kidogo, hata kikombe cha kahawa hakijai, wakachukua kwenda kupima kama figo zimeanza kuamka. Majibu hayajatoka.