Jina Letu Ng'ambo ya Barabara

Jumanne, mwanzoni mwa Aprili. Mvua ya alfajiri ilikatika, jua likatoka na hasira, na barabara yetu ya Nyamisangura ikawa tope tupu.

Mimi ni mtu wa darasa la saba, huenda mengine niliyaelewa kombo. Ila nilikuwepo. Mwaka ule dhahabu ilikuwa inatoka, na hoteli yangu ya chai na maharage ilijaa wachimbaji. Mume wangu alikuwa ameweka intaneti ya bure, bila pasiwadi, akaipa jina la hoteli. Walikuja kwa ajili hiyo. Nisijidanganye kuwa ni maharage.

Mmoja akaingia ana tope hadi magotini, akanisogezea simu usoni.

"Mama, wewe ni mwizi! Intaneti yako imeniomba namba ya siri ya kutolea pesa. Nimeweka. Sasa nimebaki mtupu!"

"Baba, mimi sijawahi kumwomba mtu namba ya siri."

"Soma hapa! Hili si jina la hoteli yako?"

Lilikuwa letu, herufi kwa herufi. Wenzake wakasimama. Mmoja akapindua benchi.

"Mura, vijana wenzangu, tuichome hii hoteli! Hawa ndio wanaotuchuna."

Nilimchukia yule mwenye simu, na namchukia mpaka leo, ingawa haki yake ya kukasirika siikatai.

Nikaenda ukutani, nikaichomoa ruta ya intaneti na waya wake, nikaibwaga mezani.

"Haya, ondokeni nayo!"

Lakini kule kona mtangazaji wa mpira akaendelea kupayuka. Mchimbaji mmoja mnene alikuwa anatazama mechi kwenye simu.

"Mama, yako imekufa," akasema, "mbona yangu bado inacheza? Na bando sina."

Wakatazama simu zao. Jina la hoteli bado lilikuwepo. Yule mnene akashika kichwa.

"Hiyo namba ya siri... hata mimi niliweka jana."

Tukatoka nje. Kila tulipolikaribia duka la sululu na kamba ng'ambo ya barabara, jina letu lilizidi kupata nguvu kwenye simu. Chumba cha nyuma wakakuta ruta nyingine. Fundi simu alikuja kunieleza baadaye: kama hakuna pasiwadi, simu ikishalijua jina haiulizi nani kaliweka. Inaingia tu, hasa penye nguvu zaidi.

Mwenye duka, ambaye hatukuwa tukipatana naye tangu alipoelekeza mfereji wake mlangoni kwangu, akaapa kwamba chumba alikipangisha kwa muuza chaji za simu, na muuza chaji haonekani tangu juzi. Wakaanza kumpiga.

"Muulizeni kwanza!" nikasema.

"Nyamaza, mama. Sasa hivi tu mwizi ulikuwa wewe."

Huenda mwenye duka alisema kweli. Sijui. Mgambo walikuja wakamtoa mikononi mwao.

Hakuna aliyeniomba radhi. Aliyenituhumu alirudi kuchukua koti lake, benchi akaliruka likiwa palepale chini.

Mume wangu akaishika ruta, anataka kuiwasha.

"Bila pasiwadi, kaiwashie kwa hao wachimbaji," nikamwambia.

"Ukiweka pasiwadi hawaji."

"Wasije."

Kweli hawakuja tena siku hiyo. Jioni tulikula maharage ya wateja, sufuria nzima, na chapati zilizokwisha kukauka kingo.