Mboga za Jumamosi

Mume wangu alikuwa ananipenda kwa makopo. Kila alipopokea mshahara wake wa karani, alipitia maduka ya karibu na soko, akarudi na maziwa ya kopo, jemu, biskuti za pakiti, na siagi yenye picha ya ng'ombe mnene kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona Songea. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Makopo nilikuwa nayapanga juu ya kabati, picha zikitazama mlangoni, ili mgeni ayaone kabla hajaketi.

Msinicheke. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya foleni, mtu anaamka alfajiri kufuata robo ya sukari na kipande cha sabuni. Ilipofika miaka ya ruksa na maduka yakajaa, wengi wetu tuliamini kwamba chakula bora ni kile kilichokuja na karatasi yake. Mimi ndiye niliyezidi. Nilikuwa mwalimu, mzaliwa wa Morogoro mjini, nimeletwa Songea na barua ya uhamisho na kubakishwa na kijana wa Kingoni, na nilikuwa na maringo ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kibao. Asubuhi chai na mkate wa siagi, mchana chai na biskuti, jioni wali kidogo kwa kuwa moyo ulikuwa unakataa.

Chini ya maringo hayo kulikuwa na hofu. Dada yangu mkubwa alifariki akijifungua. Damu yake ilikuwa kidogo tangu mwanzo, na hiyo kidogo ikamtoka. Mume wangu aliijua habari hiyo, na nadhani kila kopo alilonunua alikuwa anajaribu kuituliza hofu yangu na yake.

Mama mkwe alikaa Matogoro, mlimani nje ya mji, alikokuwa na shamba la mahindi na maharage. Kila Jumamosi alishuka kwa miguu mpaka kwetu, kikapu kichwani, na ndani yake majani ya maharage aliyoyachemsha na kuyaanika, karanga alizozitwanga mwenyewe, dagaa wa Nyasa, na unga wa ulezi wa uji.

"Shikamoo mama," nilipiga goti.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea likolo kidogo."

Hivyo ndivyo alivyoita mboga zote za majani. Nilipokea kwa mikono miwili, mkamwana aliyefundwa vizuri kabisa. Akishakunja kona tu, nilivibeba vyote na kuvipeleka chumba cha pili.

Chumba hicho alipanga dada mmoja wa Kiyao, mke wa mfanyabiashara aliyekuwa anashinda Tunduru kwenye vito. Naye alikuwa mjamzito, miezi yetu inalingana. Mumewe alirudi na hela mara moja na ahadi mara kumi, kwa hiyo chumbani mwake hakukuwa na kopo hata la dawa. "Alhamdulillahi, Mungu amlipe mama mkwe wako," alikuwa ananiambia, nami nikajiona mkarimu. Harufu ya majani yale yakichemka na karanga ilipita juu ya ukuta usiofika darini. Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza, nikafungua biskuti.

Alhamisi moja tulikwenda kliniki pamoja. Nesi alinishusha kope la chini, akatazama viganja vyangu, akanichoma kidole. Majibu yalipotoka aliniita karibu.

"Mwalimu, damu yako ni saba. Vidonge unameza?"

"Nameza."

"Na unakula nini?"

Nikamtajia kabati zima.

"Chai na biskuti si chakula cha mtu mwenye mimba ya miezi saba. Vidonge uendelee navyo, lakini mboga za majani, maharage, dagaa, hivyo hujanitajia hata kimoja. Damu isipopanda, ndugu zako wajiandae kukutolea siku ya kujifungua."

Maneno kama hayo niliwahi kuyasikia nyumbani, yakisemwa juu ya dada yangu, nikiwa bado nasoma. Niliketi nikiwa namwona yeye mbele yangu, si nesi.

Jirani yangu akapimwa. Kumi na mbili. Nesi alifurahi, akamsimamisha mbele ya benchi lililojaa matumbo. "Waambie wenzako unakula nini."

Yule dada hakuwa na hila hata kidogo. "Mimi nakula mboga za mama mkwe wake mwalimu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Benchi zima liligeuka. Mama mmoja alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Nilijiapiza kuanza Jumamosi. Jumamosi ilipofika, jirani alinitangulia uani. Alimpokea mama mkwe kikapu, akamwambia nesi amemsifu, akamshukuru kwa kumlisha miezi yote ile. Mama mkwe alitazama tumbo lake, kisha akanitazama mimi. "Karibu mwanangu," akamjibu. Alikichukua tena kikapu, akakitua mlangoni kwa jirani, akavimimina vyote kwenye ungo wake, akakataa maji niliyompa, akaondoka.

Jumamosi mbili hakuja. Mume wangu alisema mama anaumwa mguu, lakini hakunitazama usoni aliposema. Jirani alinigawia chakula kila mchana, na nilikula kwa haya. Jumamosi ya tatu nilifunga kanga mbili na kushika njia ya Matogoro, nikipumzika kila penye kivuli. Binti yangu alizaliwa salama na mimi nikatoka salama, na siku hizi ananitania kwamba alipandishwa mlima kabla hajazaliwa. Siku ile sikuwa najua kama tutafika huko.

Nilimkuta anachambua majani ya maharage kibarazani. Shikamoo yangu aliijibu bila kuinua kichwa.

"Mama, nimekuja kula," nikasema.

Aliyaweka majani kando. Kisha akainuka, na mguu haukuwa na tatizo lolote, akaingia jikoni. Nilisikia sufuria ikiteguliwa. Aliniwekea ugali na mboga iliyoungwa kwa karanga, akaninawisha mikono kama mgeni, akaketi mbele yangu.

"Ulikuwa unakionea haya chakula changu," akauliza, "au ulikuwa unanionea haya mimi?"

Ningeweza kudanganya. "Vyote viwili, mama."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilingoja anitukane na nilikuwa tayari kutukanwa. Badala yake alisogeza bakuli mpaka likagusa goti langu.

"Mwanangu aliniambia habari za dada yako tangu siku ile mliyotuambia una mimba," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa ninakuja. Ningemjua huyo dada yako mapema, na yeye ningempelekea."

Nililia na tonge mkononi. Aliniacha nilie, ila hakuniruhusu nilirudishe lile tonge sahanini. Nilikula mpaka bakuli likabaki mafuta ya karanga pembeni, nikayafuta kwa kipande cha mwisho cha ugali, kisha nikaliinua kwa mikono miwili, safari hii kweli, nikamwomba aniongezee.