Tanuru la Wanaume wa Kiwandani

Udongo wa kichuguu ukiungua hutoa harufu ambayo sijaisikia mahali pengine, kama chungu kipya kilichosahauliwa motoni, na ndani yake kuna moshi wa kuni mbichi. Hapa Likasi watu wakiisikia wanafurahi, wanasema jirani anajenga. Mimi hasira inanipanda. Nilianza kuwa na hasira hiyo nikiwa na miaka tisa, nimezaa nayo, nimezeeka nayo, na wiki hii imerudi mpya kabisa, kwa sababu nyuma ya nyumba yangu wanajenga shule tena, na wanaijenga kwa ujinga uleule. Basi niseme ilivyokuwa. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwa akina mama wa parokia, na ninaandika polepole, lakini majina yote ninayo kichwani.

Vita vilipopita, shule yetu ya zamani ilikuwa imebaki kuta mbili. Askari walikuwa wamelala humo, wakachoma madawati kupikia ugali, na mabati yakaondoka moja moja hata hatukujua nani alichukua la mwisho. Tukajengewa kibanda cha nyasi. Mwalimu Kasongo, kijana mwembamba mwenye koti moja la kijivu, ndiye aliyetufundisha sisi wa darasa la kwanza: mimi, Monga mwenye kigugumizi, Mujinga binti wa fundi viatu, na wengine ambao ningeweza kuwataja wote kwa mstari waliokaa. Lakini kila mwaka mvua za Novemba ziliangusha kile kibanda. Nyasi zilioza, daftari la majina likalowa, na sisi tukarudi nyumbani mpaka jua litoke. Kibanda kikisimamishwa upya walikuja watoto wapya kutoka vijijini, hakuna aliyejua nani aliishia wapi, basi tukaanza tena a, e, i, o, u. Mwaka wa kwanza tulifika kwenye ba. Mwaka wa pili tulifika kwenye ba na be. Nilisoma darasa la kwanza mara tatu, na sikuwa mjinga. Juu ya vichwa vyetu zilipita nyaya nene za umeme kutoka bwawa la Mwadingusha zikienda kiwandani, zikivuma mchana kutwa, na chini yake tulikaa sisi tukiimba herufi zilezile tano.

Baba yangu, Mutombo, alikuwa mtu wa tanuru katika kiwanda cha shaba. Hakuwa mtu mbaya, lakini akisema neno halirudi. Mwaka ule wa tatu alisema kwamba shule ikianguka tena, mimi nitakwenda ziwani Tshangalele kwa dada yake, Shangazi Ngoie, nipasue samaki na kuwaanika, kwa maana mtoto wa kike hawezi kukaa miezi yote ya mvua akihesabu mbu. Wakati huohuo yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kanisani baada ya misa na kuwaambia wazazi wenzake kwamba imetosha, tujenge shule ya matofali ya kuchoma, kabla ya mvua. Kwa hiyo mnanielewa. Kama matofali yangeiva kabla ya Novemba, ningebaki na kalamu. Kama yasingeiva, ningeshika kisu cha samaki.

Mtu pekee pale mtaani aliyejua matofali ni Baba Chola. Alitoka kijiji cha upande wa Buluo, alitembea peku, na maisha yake yote alikuwa akivunja vichuguu na kuvigeuza nyumba za watu. Alituonyesha sisi watoto jinsi ya kuponda udongo wa kichuguu, kuukanyaga na maji mpaka ushike miguu kama uji mzito, kisha kuupiga kwenye kisanduku cha mbao na kukigeuza kwa mkupuo mmoja bila kuogopa. Ukiogopa, alisema, tofali linaona. Asubuhi tulifyatua matofali, mchana tulisoma. Kila mtoto alibonyeza kidole gumba kwenye tofali lake kabla halijakauka, ili Mwalimu Kasongo ajue nani amefanya kazi na nani amecheza. Mujinga alibonyeza vidole viwili kwa majivuno. Monga alibonyeza kisigino, tukacheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Mikono yangu ilipasuka, vidole vikanuka udongo hata nikila. Sikulalamika. Nililala nikiona kuta zina alama zangu.

Matofali yalipokauka, Baba Chola aliyapanga akajenga tanuru lenye midomo mitatu chini, akalikandika tope nje, akasema hivi: kuni siku mbili, kisha tuzibe midomo yote kwa udongo, tukae mbali, tusiguse mpaka lipoe lenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba yangu na wenzake wa kiwandani walimsikiliza mikono ikiwa kiunoni. Moto ni kazi yao. Wao wanayeyusha mawe yakawa maji, sasa mtu asiye na viatu awafundishe moto? Kiwandani tanuru haliachwi lizimike hata siku moja. Tanuru lililozimika ni aibu, ni mtu kufukuzwa kazi. Tena kuni waliziona kitu cha wanawake wapika maharagwe. Wakaokota makaa ya mawe yaliyomwagika kando ya reli, gunia baada ya gunia, wakapanga zamu tatu kama kiwandani, na kiongozi wa kila zamu.

Baba Chola alikuja siku ya pili na udongo wake wa kuzibia kwenye karai. Nilikuwapo, nimewaletea maji.

"Baba Mutombo," alisema, "imeiva. Tuzibe."

"Weye unajua matofali," baba yangu akamjibu. "Moto utuachie."

"Miye sikatai moto wenu. Lakini hii ni udongo, hapana shaba."

"Kama siku mbili zinafaa, siku tano zitafaa zaidi. Nenda upumzike, mzee."

Wenzake wakacheka. Baba Chola aliweka karai chini taratibu, akamwaga ule udongo pale pale, akaondoka. Mimi nilitaka kumkimbilia. Nilikuwa mtoto, na mtoto kwetu hakimbilii mtu aliyemkasirikia baba yake. Nimejuta hilo kuliko dhambi nyingi nilizoungama.

Walichoma siku tano. Tanuru lilitoa rangi nyeupe midomoni, wanaume wakashangilia, wakasema sasa ndiyo moto. Lilipopoa tulikuja wote, na Mwalimu Kasongo alikuja na kamba ya kupimia msingi. Baba yangu alipiga nyundo kwenye tope la nje, likaporomoka. Ndani hapakuwa na matofali. Palikuwa na kitu kimoja, kikubwa kama chumba, cheusi na kijani, kinang'aa kama chupa. Yote yameyeyuka yakashikana: la Monga, la Mujinga, langu. Baba alipiga tena, nyundo ikaruka ikamrudia. Halafu tukamwona Baba Chola anakuja, polepole, na fimbo yake. Alikizunguka kile kitu, akakigonga huku na huku kama mtu anayenunua mtungi.

"Iko nguvu," alisema. "Mlango uko wapi?"

Mvua ya kwanza ilinyesha kabla ya wiki kwisha, kibanda kikaanguka upande wa kushoto, kama kawaida yake. Baba yangu hakunitazama usoni alipofunga nguo zangu kwenye kitambaa. Alisema tu, "Mwakani, mwana," akanipandisha kwenye lori la chumvi linalokwenda ziwani. Na kweli, mwaka uliofuata walikwenda kumwomba radhi Baba Chola, akachoma kwa kuni siku mbili, akaziba, na shule ikasimama vyumba vitatu. Mdogo wangu Kisimba alisoma humo mpaka akawa karani mwenye tai. Mimi nilikuwa Tshangalele, nanuka samaki, na Shangazi Ngoie hakuona sababu ya kurudisha mikono miwili myepesi kama yangu. Niliporudi Likasi nilikuwa tayari mama wa watoto. Shule ile ilidumu miaka mingi, halafu katika misukosuko mingine watu waling'oa mabati, kisha milango, kisha matofali yenyewe.

Kile kitu cheusi hakikung'olewa. Kipo hadi leo, hatua chache kutoka jikoni kwangu, kwa sababu hakuna nyundo inayokiweza. Sasa watoto waliokimbia vita vya kaskazini wanasomea chini ya maturubai pembeni yake, na kuna kamati mpya yenye mwenyekiti, Didier, mjukuu wa Mujinga wa vidole viwili. Matofali wanayo, mazuri. Saruji wanayo. Mabati yamepangwa ndani ya ghala. Na tangu Agosti wanakaa wakibishana juu ya ukuta wa uzio na rangi ya geti, maana wageni wakija kuzindua watapiga picha getini. Nimemwita Didier barazani kwangu mara nne. Ananiita bibi kwa heshima zote, anakunywa chai yangu, anasema kila kitu kina utaratibu wake. Nilimwambia aweke paa kwanza, rangi ya geti nitamchagulia mimi. Akacheka vizuri, kama wale walivyocheka.

Jana mtoto mmoja wa hao waliokimbia, anaitwa Furaha, alikuwa amekaa juu ya lile jiwe letu jeusi la tanuru na daftari magotini, kwa kuwa pale hapashiki tope. Nikamuuliza yuko darasa la ngapi. La kwanza, akasema, mara ya pili. Mwaka jana walifika kwenye ba, turubai likapasuka. Kisha yeye akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mzee na wazee wanajua, kama mvua mwaka huu zitawahi. Nikamwambia hapana, zitachelewa sana, asome tu. Nilimdanganya. Mawingu yamesimama juu ya Buluo tangu juzi.