Kikohozi cha Fundi

Itangazwe kwa waumini na wakora, kwa waliobatizwa na kwa wanaokuja kanisani kutazama kofia tu: mtaa wetu una mtu anayejua kusamehe. Tumemwona kwa macho yetu, na tangu siku hiyo tunatembea vifua mbele.

Ni Fundi, mshona nguo wa kibanda cha bati nyuma ya kanisa, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mwenyekiti wa akina mama alimzushia kwamba ameiba kitambaa cha majoho ya kwaya. Fundi akafukuzwa kwaya, sauti yake ya kwanza ikabaki kuimbia cherehani. Baadaye kitambaa kilionekana kabatini kwa Mwenyekiti mwenyewe. Hata pole hakutoa.

Basi kila Jumapili, sala ilipofika “kama tunavyowasamehe,” Fundi alikohoa. Alikohoa mpaka maneno yale yapite. Kumdanganya Mchungaji aliweza, Mungu, hapana.

Jumapili aliyokuja askofu, gauni la Mwenyekiti lilipasuka kwenye chumba cha nyuma, kuanzia kwapani hadi kiunoni, ibada ikikaribia kuanza na yeye ndiye wa kumkaribisha mgeni. Fundi akaitwa mbio. Mlangoni, shangazi yake akamdaka mkono.

“Mwache atoke hivyo hivyo! Na yeye aonje aibu.”

Fundi akasita. Hata ndotoni hakuwahi kupewa nafasi tamu namna hii. Kisha akamwona yule mama amejiziba ubavu kwa kitabu cha nyimbo, machozi yakivuruga poda. Sura ile aliijua: ndiyo aliyotoka nayo yeye siku alipofukuzwa kwaya. Akatunga uzi kwenye sindano.

“Dada, kile kitambaa…” Mwenyekiti alianza.

“Usipumue.”

“Nilikukosea, dada yangu.”

“Nimekusamehe. Sasa vuta tumbo.”

Ibadani, sala ilipofika pale, kanisa zima lilitega sikio kungoja kikohozi. Fundi akayatamka maneno yote, kwa sauti ya kwanza, mpaka vioo vya madirisha vikaitika. Kwaya iligeuka. Shangazi aliangusha miwani. Mchungaji, machozi yakimlengalenga, akanyanyua mikono juu.

“Kikohozi kimepona! Simama, binti yetu, utushuhudie! Bwana amekutendea nini?”

Fundi akasimama, akamtupia jicho Mwenyekiti aliyekaa wima kama mlingoti pembeni ya askofu.

“Naomba mahubiri yawe mafupi, Mchungaji. Ule mshono ni wa kushikiza tu.”